Kigae Hakinywi Rangi

Wekundu wa michoro ya Kolo, wilayani Kondoa, umedumu maelfu ya miaka kwa sababu jiwe hunywa rangi. Wachoraji walitumia udongo wenye oksidi ya chuma. Ukaingia kwenye vinyweleo vya mwamba, na mapaa ya mawe yakaukinga na mvua. Mwaka 2006 UNESCO iliiweka michoro hiyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Kigae cha jikoni ni kinyume chake: uso wake ni kioo, na kioo hakipenyezi kitu.

Dodoma inajengwa kwa kasi tangu serikali ihamie, na wapo wenye nyumba waliochoshwa na vigae vinavyofanana mtaa mzima. Wanataka maua yao wenyewe. Wazo zuri, ila wengi huanza na rangi badala ya kuanza na moto.

Kiwandani, maua huchapwa kwa mashine kabla ya kigae kuchomwa kwa zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, hivyo rangi na kioo huwa kitu kimoja. Kauri za China zilizochimbuliwa Kilwa na Gedi zilikaa udongoni karne nyingi, na samawati yake bado imo, kwa kuwa kobalti ililazwa chini ya kioo.

Kwa mkono, njia ya kudumu ni kuchora kwa rangi zilizochanganywa na unga wa kioo laini, kisha kukirudisha kigae kwenye tanuri la umeme, nyuzi 750 hadi 850. Shaba hutoa kijani, chuma hutoa kahawia au wekundu, manganizi hutoa zambarau. Moto wa wazi wa kuchomea vyungu haufai: hupanda na kushuka ghafla, kigae kikapasuka.

Asiye na tanuri hupaka juu tu. Osha kigae kwa sabuni, futa kwa spiriti, kwaruza mng'ao kwa msasa laini, paka praima ya vigae, ndipo uchore kwa rangi ya mafuta, tabaka jembamba baada ya jingine, umalizie na vanishi. Fanya hivyo mezani, kabla fundi hajakibandika, na ndani ya nyumba. Kiangazi upepo wa hapa hubeba vumbi jekundu linalonata kwenye rangi mbichi.

Kigae kilichopakwa hivi ni cha ukuta wa sebule au baraza. Sakafuni hakifai, na bafuni ndiko kubaya zaidi. Maji ya visima vya Dodoma yana chumvi, huacha ukoko mweupe, nasi tuna mazoea ya kuutoa kwa asidi. Itauondoa ukoko pamoja na maua.

Anza na kigae kimoja. Kiache wiki kadhaa, ukisugue kwa kitambaa chenye sabuni. Rangi ikiachia kingoni, praima haikushika. Badilisha praima kabla ya kugusa vingine.