Gari Limefika, Ramani Imebaki Japani

Ukilitoa bandarini Dar es Salaam au Mombasa gari lililotumika Japani, mara nyingi linakuja na skrini ya Kijapani. Ukiiwasha huenda ikadai kadi yake ya ramani. Ikikubali kufunguka, inazijua barabara za Japani tu. Kariakoo na Kibokoni hazimo. Redio nayo imefuata masafa ya kwao, yanayoanzia megahezi 76. Fundi hajiulizi mara mbili: ng'oa, weka redio ya Android.

Kwao, hata hivyo, mtambo huo ulikuwa na kazi. Mwaka 1981, kabla dereva wa kawaida hajaisikia GPS, Honda iliuza kifaa kilichohisi gari likikata kona na kuonyesha lilipo kwenye karatasi angavu za ramani. Mwaka 1996 Japani ikaanza kuwarushia madereva habari za foleni kwa mawimbi ya FM na kwa mitambo ya kando ya barabara. Pasipo na mitambo hiyo, foleni haikujulikana. Hapo ndipo mfumo wa Honda uitwao Internavi ulipoingia: mwaka 2003 magari ya wateja yenyewe yakaanza kutuma kwenye seva habari za yalikopita na muda yaliotumia, kisha seva ikawarudishia wote njia iliyo nafuu.

Tetemeko na tsunami ya Machi 11, 2011 vilipokata barabara za kaskazini mashariki mwa Japani, Honda haikungoja. Kesho yake iliziweka wazi njia ambazo magari yake yalikuwa yamepita, Google ikazichora kwenye ramani, na baadaye data za Toyota, Nissan na Pioneer zikaunganishwa. Gari likipita, basi njia ipo. (Ingawa palipopita kigari kidogo si lazima lori la misaada lipite, na njia isiyochorwa pengine imekosa mpitaji tu.)

Kwa hiyo kilichobaki ng'ambo ni wale madereva wengine, na bila wao skrini haina la kusema. Simu uliyobandika kwenye dashibodi inaijua foleni ya Ubungo kwa sababu simu za waliokutangulia zinaripoti mwendo wao. Muuzaji akikupandishia bei kwa ajili ya "navigesheni", anakuuzia kioo.

Ila usimruhusu fundi aanze kukata nyaya ovyo. Kamera ya nyuma mara nyingi huonyesha picha kwenye skrini hiyo hiyo, na yenyewe haihitaji ramani wala intaneti. Mwambie aijaribu kwanza.