Kiongozi akiondoka, taasisi hubaki na nini?

Miaka michache iliyopita, katika mtaa niliokulia, alifariki maalim aliyeisimamia madrasa yetu kwa zaidi ya miaka ishirini. Tulimzika baada ya Alasiri, tukamwombea maghfira, tukarejea majumbani tukiwa na yakini kwamba kazi yake haitakufa. Haikutimia miezi sita, madrasa ikafungwa. Haikufungwa kwa sababu wazazi waliacha kuwapeleka watoto, wala kwa uhaba wa fedha. Benki kulikuwa na fedha, lakini mtia saini alikuwa mmoja tu, naye ni marehemu. Hati ya kiwanja ilikuwa katika sanduku ambalo hapakuwa na ajuaye ufunguo wake ulipo. Orodha ya wafadhili maalim aliihifadhi kichwani, akaenda nayo kaburini.

Wajumbe wa kamati walipokwenda kwa mjane wake kuulizia nyaraka, mama yule aliwatazama kwa muda, kisha akawauliza: “Wanangu, miaka yote hii mlikuwa mkimsaidia maalim wenu, au mlikuwa mkimtazama tu?”

Hapakuwa na aliyejibu. Swali lile limekaa nami hadi leo, na ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Kwa nini baadhi ya taasisi hufa pamoja na waasisi wake, ilhali nyingine huendelea kutoa huduma kizazi baada ya kizazi?

Wataalamu wa uongozi huyaita maendeleo yanayodumu kuwa ni maendeleo endelevu: yale yanayomnufaisha mtu wa leo pasipo kumdhulumu atakayekuja kesho. Kwa taasisi, maana yake ni kwamba khidma isikatike kwa kuondoka mtu mmoja. Na mambo mawili ndiyo huamua: uongozi, na utamaduni wa taasisi yenyewe. Utamaduni hapa si ngoma wala mavazi. Ni yale ambayo watu huyafanya bila kuamrishwa: kama kikao huanza kwa wakati, kama kila shilingi huandikiwa stakabadhi, kama maskini anayebisha hodi hupokewa sawa na tajiri. Kiongozi ndiye hupanda mbegu ya utamaduni huo, na utamaduni ndio humrithi kiongozi.

Mfano ulio hai tunaupata katika jiji la Karachi, nchini Pakistan.

Kijana wa benchi la saruji

Abdul Sattar Edhi alizaliwa mwaka 1928 katika mji wa Bantva, Gujarat, wakati Bara Hindi lingali chini ya Uingereza. Alipokuwa shuleni, mama yake alikuwa akimpa sarafu mbili kila siku: moja ajinunulie chakula, ya pili ampe aliye mhitaji kuliko yeye. Alipofikia umri wa miaka 11, mama huyo alipooza. Kijana akawa ndiye anayemwosha, anayemvisha na anayemlisha, hadi mama alipofariki naye akiwa na miaka 19. Humo nyumbani, kando ya kitanda cha mgonjwa, ndimo alimopata darasa lake la kwanza la uongozi.

Mwaka 1947, nchi ilipogawanywa, familia yake ilihamia Karachi. Edhi akawa mchuuzi mdogo, kisha akajitolea katika zahanati ya hisani iliyoendeshwa na watu wa jamii yake ya Memon. Alipogundua kwamba zahanati ile iliwahudumia Wamemon peke yao, alipinga mbele ya watu, na hatimaye akatoka. Mwaka 1951 alifungua zahanati yake katika chumba kidogo. Usiku alilala juu ya benchi la saruji nje ya mlango, ili mgonjwa atakayekuja usiku wa manane asikose wa kumfungulia.

Mwaka 1957 mafua makali yaliyoenea duniani yaliifikia Karachi. Edhi alisimamisha mahema pembezoni mwa jiji, akawahudumia wagonjwa bila malipo. Watu waliona kwa macho yao, wakaanza kuchangia. Kwa michango hiyo alinunua gari kuukuu, akaligeuza kuwa gari la wagonjwa na kuliendesha mwenyewe. Gari hilo moja likazaa msafara wa magari zaidi ya 1,000 yaliyoenea Pakistan nzima, hata kitabu cha Guinness kikaitambua taasisi yake kuwa na huduma kubwa kuliko zote duniani ya magari ya wagonjwa inayoendeshwa kwa kujitolea.

Tabia ya mtu ikawa desturi ya taasisi

Yapo mambo matatu katika mwenendo wa Edhi ambayo kila mwenye amana ya watu anapaswa kuyazingatia.

La kwanza ni kujizuia na mali ya taasisi. Mamilioni ya rupia yalipita mikononi mwake, naye hakuchukua mshahara. Alijulikana kuwa na jozi mbili za nguo, na aliishi katika makazi duni kando ya ofisi. Dereva anayemwona mkubwa wake akiishi hivyo hahitaji semina ya maadili. Hali kadhalika, dereva anayemwona mkubwa wake akibadilisha magari kwa fedha za yatima hatazuiwa na kanuni yoyote iliyobandikwa ukutani.

La pili ni kutobagua. Palipotokea maafa, magari yake yalikwenda bila kuuliza majeruhi ni wa kabila gani au dini gani. Baadhi ya watu walimlaumu kwa kuwahudumia Wakristo na Wahindu, lakini hakuyumba. Maiti zilizotelekezwa, ambazo hapakuwa na aliyetaka kuzisogelea, alizitoa mitaroni na kuziosha kwa mikono yake. Kwa kuwa mkubwa alizigusa, wadogo hawakuona haya kuzigusa.

La tatu ni kuilinda heshima ya taasisi dhidi ya fedha zenye masharti. Rais wa zamani, Jenerali Zia ul-Haq, alipompelekea hundi ya rupia 500,000, Edhi aliirejesha. Mwaka 2015, baada ya msichana bubu wa Kihindi aliyelelewa na taasisi hiyo kurejeshwa kwao India, Waziri Mkuu Narendra Modi aliahidi mchango wa rupia milioni 10. Edhi alishukuru, akakataa kuupokea. Fedha alizozitaka ni za mtu wa kawaida: noti iliyokunjwa mkononi mwa mchuuzi, zaka ya mama wa nyumbani. Alijua kwamba taasisi yenye wachangiaji wadogo wengi haimwogopi tajiri mmoja akinuna.

Mkono wa mama

Hadithi hii haikamiliki pasipo kumtaja Bilquis, muuguzi aliyeajiriwa katika zahanati ile na baadaye akawa mke wa Edhi. Yeye ndiye aliyesimamia huduma za wanawake na watoto. Nje ya vituo vyao kuliwekwa vitanda vidogo vya watoto wachanga, na tangazo la kuwasihi wazazi waliokata tamaa wasimuue mtoto bali wamwache hapo. Maelfu ya watoto waliokolewa na kutafutiwa familia. Mwaka 1986 mume na mke walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Ramon Magsaysay.

Tuzo hiyo ya pamoja ina funzo. Mume hakuwa na kazi ambayo mke hakuifahamu, na watoto wao wanne walikulia ndani ya huduma, si pembeni yake. Ni wangapi miongoni mwetu tunaoongoza misikiti, madrasa na vyama vya kuweka na kukopa, na wake zetu hawajui hata daftari la mapato liko kabati gani?

Siku ya mtihani

Figo za Edhi ziliposhindwa kufanya kazi, alipewa fursa ya kwenda kutibiwa nje ya nchi. Alikataa, akataka atibiwe katika hospitali ya umma nchini mwake. Alifariki tarehe 8 Julai 2016. Aliacha wasia kwamba viungo vyake vitolewe kwa wahitaji, na kwa kuwa mwili ulikuwa umedhoofika, konea za macho yake ndizo zilizofaa. Alizikwa katika kaburi alilolichimba mwenyewe miaka mingi kabla.

Hapo ndipo mtihani ulipoanza. Mwanawe, Faisal, aliyeshika uongozi, alikiri hadharani kwamba michango ilipungua. Watu wengi walikuwa wakimpa Edhi, si taasisi. Tusilifiche jambo hili, maana nalo ni somo: hata kiongozi mwema mno anaweza kuiacha taasisi ikiwa imeegemea uso wake kupita kiasi.

Hata hivyo, magari hayakusimama. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipoingia, wafanyakazi wa Edhi walibeba wagonjwa na kuosha maiti wakati ambapo hata jamaa waliogopa kukaribia. Faisal mwenyewe aliambukizwa mwezi Aprili mwaka huo. Bilquis naye akafariki tarehe 15 Aprili 2022, ndani ya mwezi wa Ramadhani, na huduma ikaendelea. Sura maarufu zilikwisha kuondoka, lakini desturi ilibaki: simu ikilia, gari linatoka. Utamaduni uliopandwa kwa zaidi ya miaka 60 uliziba pengo ambalo michango pekee isingeliziba.

Waraka wa Umar

Kwa Waislamu, elimu hii si ngeni. Umar bin Khattab (r.a.) alipopata ardhi yenye thamani huko Khaybar, alimwendea Mtume (s.a.w.) kumtaka shauri. Mtume alimwelekeza aizuie asili ya ardhi ile na mazao yake yawe sadaka. Umar akaifanya wakfu: isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe. Manufaa yake yawaendee mafakiri, jamaa, wasafiri na wageni, na msimamizi wake ale kwa wema pasipo kujilimbikizia mali.

Tutazame kwa makini. Ndani ya masharti hayo machache mmo yote yanayofundishwa leo kuhusu taasisi endelevu: mtaji usioguswa, walengwa wanaojulikana, na mipaka ya maslahi ya msimamizi. Zaidi ya hayo, wasia wa Umar uliandikwa, na ndani yake alimtaja atakayeisimamia baada yake: binti yake Hafsa (r.a.), kisha wenye busara katika jamaa zake. Kiongozi mwenye haiba kuliko wote katika zama zake hakutegemea haiba. Aliandika, akataja mrithi wa jukumu, na mrithi huyo alikuwa mwanamke.

Turudi mtaani kwetu

Ndugu msomaji, pengine wewe si kiongozi wa taasisi kubwa. Lakini yamkini ni mjumbe wa kamati ya msikiti, mweka hazina wa kikundi cha akina mama, au mzazi tu mwenye mtoto madrasa. Jiulize leo: kiongozi wetu akiugua kesho, nani anaweza kutoa fedha benki? Kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani? Hapa Tanzania, taasisi inaweza kusajili wadhamini wake kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), mali ikawa ya wadhamini hao waliosajiliwa badala ya kuwa ya mtu mmoja na warithi wake. Ni migogoro mingapi ya misikiti ingaliepukwa lau hatua hiyo moja ingechukuliwa mapema?

Watia saini wasipungue wawili. Nakala za hati ziwekwe mahali zaidi ya pamoja. Mapato na matumizi yasomwe hadharani baada ya Swala ya Ijumaa, hata kama ni shilingi elfu kumi, maana mazoea ya kutoa hesabu ndogo ndiyo hulinda hesabu kubwa. Naibu apewe kazi kamili walau mwezi mmoja kila mwaka, naye kiongozi akae pembeni atazame. Vijana na akina mama waingie kwenye kamati wakiwa na sauti, si wapishi wa siku ya Maulidi tu. Na kiongozi anayejibu kila swali yeye mwenyewe ajue kwamba anajenga jengo la nguzo moja.

Kwa wazazi, darasa huanzia pale alipoanzia Edhi, kwenye sarafu mbili. Mtoto anayezoeshwa kutenga sehemu ya alichonacho kwa ajili ya mwingine, anayekabidhiwa daftari dogo la matumizi ya nyumbani na kuulizwa hesabu kwa upole, huyo ndiye mweka hazina mwaminifu wa miaka ishirini ijayo. Samaki mkunje angali mbichi.

Madrasa ya mtaani kwetu ilifunguliwa tena baada ya miaka miwili. Sanduku lilivunjwa kufuli mbele ya mashahidi, hati ikapatikana, wadhamini wakasajiliwa. Siku ya kufungua, kamati ilimwalika mjane wa maalim akae mbele. Alikataa kiti cha heshima. Aliomba kitu kimoja tu: aonyeshwe daftari. Alilifungua, akasoma majina ya waliochangia na saini mbili chini ya kila ukurasa, akalifunga, akasema: “Sasa maalim wenu anaweza kupumzika.”

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoacha kazi zinazodumu, na si majina tu. Amin.