Samaki wa Tanganyika katika Nyumba ya Orofa

Mtu anayeshuka kutoka Bijombo kwenda Uvira huliona Ziwa Tanganyika akiwa bado mlimani. Urefu wa ziwa hilo, kutoka kaskazini mpaka kusini, ni kilometa 670 hivi, na kina chake kikubwa ni meta 1,470. Wavuvi wa Uvira hutafuta humo ndagala na mikeke. Lakini karibu na ufuko, katikati ya mawe, wamo samaki wengine wadogo wenye rangi nzuri, na wengi wao hawapatikani katika ziwa jingine lolote duniani. Mmoja wao mwili wake una miraba, kama kikapu kilichosukwa kwa nyasi za rangi mbili. Mwaka 1956 mtaalamu Max Poll alimpa jina la Julidochromis marlieri, kwa heshima ya Georges Marlier, aliyechunguza ziwa huko Uvira.

Watu wa Ulaya huwapenda sana samaki hao. Tangu miaka ya 1970 wengi wamesafirishwa kwa ndege kutoka Bujumbura, ndani ya mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni. Siku hizi wengine wengi huzaliwa huko huko Ulaya. Hawafugwi ili waliwe. Hufugwa ili watazamwe, ndani ya sanduku kubwa la kioo, sebuleni.

Chukua mfano wa mtu akaaye orofa ya nne katika mji wa Brussels. Sanduku lake lina urefu wa sentimeta 150, upana wa 60 na kimo cha 60. Zidisha, utapata lita 540. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi maji peke yake ni kilo 540, na bado kioo, mchanga na mawe. Kwa hiyo sanduku huwekwa kando ya ukuta imara, si katikati ya chumba, na mwenye nyumba huulizwa kwanza.

Samaki hula, na kila alaye hutoa uchafu. Uchafu wa samaki hutoka hasa katika matamvua yake, mahali anapovutia pumzi. Uchafu huo ni amonia, sumu yenye harufu kali kama ile ya zizi la ng'ombe lisilofagiliwa. Ziwani amonia kidogo hupotea katika maji mengi. Katika sanduku haina pa kwenda. Tena maji ya Tanganyika yana asili ya magadi, na samaki wake hutaka maji ya namna hiyo. Lakini katika maji kama hayo amonia huzidi ukali. Maji yaweza kuwa maangavu kabisa, na samaki wakafa ndani yake. Jicho halioni sumu hiyo.

Kwa bahati wako wasaidizi. Ni vijidudu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vinavyokaa mchangani na katika sifongo ya kuchujia maji. Namna moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Namna ya pili hugeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati haina ukali kama zile mbili, lakini huongezeka siku kwa siku, na vijidudu hivyo havina uwezo wa kuiondoa. Hapo ndipo mtu mwenyewe hushika ndoo.

Watu wengi hubadili robo ya maji kila juma. Je, robo yatosha? Tuseme samaki huongeza vipimo 10 vya nitrati kila juma. Pasipo kubadili maji, baada ya majuma 10 vitakuwa vipimo 100. Lakini robo ikitolewa kila juma, hesabu hupanda polepole mpaka karibu na 40, kisha haipandi tena. Maana robo ya 40 ni 10, na juma lijalo huleta 10 nyingine. Mwanafunzi aweza kuijaribu hesabu hii katika daftari yake.

Robo ya lita 540 ni lita 135, yaani ndoo 14 za lita 10 kutolewa, na ndoo 14 kurudishwa. Ni kazi kweli. Kwa hiyo hutumia mpira mrefu: hujazwa maji, ncha moja huwekwa ndani ya sanduku, ya pili huteremshwa chini kuliko maji yale, nayo hutoka yenyewe bila kuchotwa. Kabla ya hapo huzima umeme wa chombo cha kupashia maji moto, kwa sababu kikibaki nje ya maji hali kinawaka, chaweza kupasuka. Tena hakai mbali na mpira. Akienda mlangoni kuzungumza na mgeni, maji hufurika, na jirani wa orofa ya tatu huona dari yake ikidondoka maji.

Maji mapya hutoka bombani, nayo mara nyingi yana klorini. Klorini huua vijidudu vya magonjwa, lakini huunguza matamvua ya samaki na kuua vijidudu wale wasaidizi. Kwa hiyo hutiwa dawa ya kuivunja. Maji hupashwa moto yalingane na yale ya sandukuni, nyuzi 25 hivi, na huongezwa chumvi za namna ya magadi. Hata sifongo haioshwi bombani. Huoshwa katika maji yale yale yaliyotolewa.

Mtu mvivu huacha miezi mingi, kisha siku moja huona haya na kubadili maji yote. Samaki waliokwisha kuzoea hali ile mbaya hushtuka kwa badiliko la ghafula, na wengine hufa asubuhi ya pili. Aliyechelewa hubadili kidogo kidogo, ndoo mbili tatu kila siku, mpaka maji yarudie hali njema.

Na yale maji ya manjano yaliyotolewa? Wengine huyamwagia maua yao dirishani. Nitrati ni chakula cha mimea, kama samadi ya ng'ombe katika mashamba ya Bijombo.