Tramadoli na lutuku haviachwi kwa njia moja

Ku migodi ya Lualaba na Haut-Katanga kuko vitu viwili ambavyo delege wa sendika anakutana navyo mara kwa mara: kidonge cha tramadoli na kikombe cha lutuku. Mmoja anameza ili mgongo usiume, mwingine anakunywa ili baridi ya usiku na woga viishe. Wakubwa wa kazi wanawaweka wote katika mfuko mmoja: « walevi ». Hata siye, tukizungumza, tunavichanganya. Lakini mwili hauvichanganyi. Kila kimoja kinashika mtu kwa njia yake, kinaua kwa njia yake, na zaidi ya yote kinaachwa kwa njia yake. Asiyejua tofauti hii anaweza kumupoteza ndugu yake akifikiri anamusaidia.

Kidonge

Tramadoli ni dawa ya kweli. Kampuni moja ya Ujerumani iliiweka sokoni mwaka 1977 juu ya maumivu makali, kama yale ya upasuaji ao ya mfupa uliovunjika. Iko ya jamaa moja na morfini, ijapo nguvu yake ni ndogo. Kidonge cha kawaida kiko na miligramu 50, na mtu mzima hapaswi kupita miligramu 400 kwa siku. Ku soko kinauzwa bila karatasi ya munganga, na mnunuzi hana njia ya kujua ndani kuko nini kwa kweli.

Juu ya nini watu wa kazi wanakipenda? Kinafunga njia ya maumivu katika ubongo, tena kinaleta raha kidogo na moyo wa kuendelea. Mtu anabeba mifuko ya mawe masaa kumi bila kusikia mgongo. Lakini mgongo haukupona, umenyamazishwa tu. Kisha majuma machache mwili unazoea. Kidonge kimoja hakitoshi tena, anapanda viwili, anapanda vinne.

Hapo kuko hatari mbili. Ya kwanza ni kifafa: kipimo kikipita, mtu anaweza kuanguka na kutetemeka, hata kama tangu utoto hajawahi kuanguka. Waza jambo hilo likitokea ndani ya shimo, ao mtu akiwa ku usukani wa kamyo. Ya pili ni pumzi: usingizi mzito, mboni za macho zinakuwa ndogo, pumzi inapungua mpaka inasimama.

Kikombe

Lutuku inatengenezwa ku nyumba, kwa mahindi na mihogo, na kupikwa mpaka mvuke wake ugeuke pombe kali. Mama wengi wanasomesha watoto kwa kuiuza, na siye hatuko hapa kuwahukumu. Lakini hakuna karatasi ku chupa inayosema nguvu yake. Ya leo inaweza kuwa kali sana kuliko ya jana.

Pombe inatia ubongo breki. Ndiyo maana mtu anasikia hana woga, na ndiyo maana mkono wake unachelewa mbele ya mashini. Akinywa kila siku kwa miaka, maini yanaharibika, miguu inakufa ganzi, kumbukumbu inapotea. Na kuko jambo lingine ambalo halionekani kwa macho: ubongo ukiwekewa breki kila siku, nao unajizoeza kusukuma kwa nguvu upande wa pili. Siku breki inatolewa ghafula, unakimbia bila kitu cha kuuzuia.

Siku ya kuacha

Mwenye kuzoea tramadoli, akiacha ghafula, anaanza kuteseka kwa siku ya kwanza ao ya pili: jasho, kuhara, mwili wote kuuma, usingizi hakuna, roho haitulii. Wengine wanaanguka kifafa ao wanasikia mambo yasiyokuwapo, kwa hiyo munganga awe karibu. Lakini mara nyingi mateso hayo hayaui. Kinachoua sana ni kurudia: mtu amekaa mwezi bila kidonge, mwili umesahau, kisha anameza kipimo kilekile cha zamani.

Kwa lutuku iko kinyume. Mwenye kunywa kila siku, akiacha mara moja, anaanza kutetemeka mikono ndani ya masaa machache. Kifafa kinaweza kuja katika siku mbili za kwanza. Karibu siku ya pili ao ya tatu, wengine wanapata homa, moyo unapiga mbio, wanaona wadudu ku ukuta na kuongea na watu wasiokuwapo. Waganga wanaita hali hiyo « delirium tremens ». Bila matunzo, inaua.

Waza sasa kampuni inatangaza kwamba juma lijalo watu watapuliza katika mashini ya kupima pombe. Mnywaji anaogopa kupoteza kazi, anaacha leoleo, peke yake, ku nyumba. Siku ya tatu anapiga kelele usiku. Jamaa inasema amelogwa, inamupeleka ku chumba cha maombi. Hatukatazi maombi. Lakini mtu huyo anapaswa kufika lopitali usiku uleule.

Na wale wanaomeza tramadoli na kuteremusha na lutuku? Hao ndio wako karibu zaidi na kaburi, kwa sababu vyote viwili vinapunguza pumzi. Ukimukuta mwenzako hivyo, umulaze ubavu, usimupe maziwa wala mafuta, usimuache peke yake, umukimbize lopitali na useme kweli amekula nini. Kuko dawa, naloksoni, inayoweza kurudisha pumzi iliyofungwa na tramadoli. Kwa pombe haina kazi.

Matunzo yako

Kwa tramadoli, munganga anapunguza kipimo polepole na kutuliza mateso. Kwa dawa za jamaa hiyo kuko pia metadoni na buprenorfini, ambazo OMS iliweka katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2005. Jirani zetu wa Tanzania walianza kutoa metadoni pa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, kwa watu wa heroini. Tena mgongo wenyewe utunzwe, kwa maana maumivu yakibaki kidonge kitarudi.

Kwa lutuku, mnywaji mkubwa anaachishwa chini ya macho ya waganga. Wanamupa diazepamu kwa siku chache ili ubongo usikimbie, na vitamini B1 kulinda kumbukumbu na akili. Kisha inabaki kazi ndefu ya mazungumzo, jamaa, na vikundi vya watu walioacha pombe. Lubumbashi kuko kituo cha magonjwa ya akili Joseph Guislain cha Bafrère wa Charité. Kwenda kule si haya.

Tunachoomba

Hatusemi mtu alewe kisha apande ku mashini. Usalama ni wa wote. Lakini Code du travail ya 2002 inamulazimisha mkubwa wa kazi kumutunza mfanyakazi mgonjwa pamoja na jamaa yake. Na BIT, katika mwongozo wake wa mwaka 1996, inasema shida za pombe na dawa za kulevya zichukuliwe kama shida za afya. Kwa hiyo, mbele ya kupima watu, kampuni ifungue kwanza mlango wa munganga, kwa siri na bila barua ya kufukuzwa. Kupima bila matunzo kunawafundisha watu kujificha, na anayejificha anaacha peke yake.

Nanyi madelege, mukiitwa juu ya mwenzenu, muulize maneno matatu mbele ya yote: anatumia nini? Tangu lini? Mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi? Muandike majibu ku karatasi, mumupe munganga mukononi. Usiku ule, karatasi hiyo inaweza kumusaidia kuliko mashauri yetu yote.