Lupasi: Kinga ya mwili inapokishambulia kiini cha seli

MKAZI wa Lucky Summer, Nairobi, anayeumwa viungo kwa miezi huenda akameza dawa za maumivu tu, kumbe ana lupasi: kingamwili zake zimeigeukia DNA iliyomo katika viini vya seli zake mwenyewe.

Maabara huweka majimaji ya damu yake juu ya seli, kisha kingamwili nyingine yenye rangi ing'aayo. Viini viking'aa, shaka huingia. Si hukumu bado, maana hata baadhi ya wenye afya hung'aa.

Kingamwili za ukoo mmoja, mbinu ya Georges Köhler na César Milstein ya mwaka 1975, ziliwawezesha watafiti kuchunguza zinavyoishika DNA. Zinazoogopewa hushika DNA ya nyuzi mbili, nazo huweza kuharibu figo. Ndipo mkojo nao hupimwa.