Kulala Kebini Salgaa

Jua likizama, Salgaa hujaa malori. Mji huu mdogo wa Rongai, kama kilomita 30 kutoka Nakuru kwenye barabara ya Eldoret na Malaba, ndio kituo cha madereva wanaotoka Mombasa na mizigo ya Uganda, Rwanda na Kongo. Wengi hawakodi chumba. Hulala kebini, kwenye kitanda chembamba nyuma ya viti. Njia hiyo hiyo hupitwa na watalii wenye magari ya kulala ndani au yenye hema juu ya paa, na swali lao ni lile lile la dereva wa trela: mtu akija usiku, nifanyeje?

Wageni huwaza silaha kwanza. Dereva mzoefu huwaza maegesho. Huingia kabla ya giza, angali anaona nani yuko wapi, na hulipia uwanja wenye taa na mlinzi hata kama kando ya lami ni bure. Trela mbili huegeshwa zikipeana mgongo, milango ya kontena ikikaribia kugusana, isiwepo nafasi ya kuifungua. Upande wa tangi la dizeli hubanwa ukutani au kwenye lori la mwenzake, maana kunyonya mafuta ni kazi ya dakika chache.

Ndani ya kebini kuna ufundi mwingine. Mkanda wa kiti huvutwa, ukapitishwa kwenye mpini wa mlango, kisha ukafungwa mahali pake. Mlango ukifunguliwa kwa ufunguo bandia hukwama, na mtikisiko wake humwamsha aliyelala.

Lakini yapo madhara yasiyovunja mlango, nayo ndiyo ya kuogopwa zaidi. Dawa za usingizi zinazotiwa kwenye kinywaji, zile ambazo mitaani huitwa mchele, mara nyingi ni za jamii ya benzodiazepini. Zikikutana na pombe hupunguza pumzi na kufuta kumbukumbu, hivyo anayeamka bila simu wala pesa hawezi hata kueleza alikunywa na nani. Soda iliyoachwa mezani mtu akienda msalani isinywewe tena. Tanboi, yaani msaidizi wa dereva, akimkuta dereva wake haamki, asimnyweshe maziwa wala maji: amlaze ubavu ili matapishi yatoke nje, aangalie kama anapumua, na amfikishe hospitalini upesi.

Halafu kuna baridi. Kutoka Salgaa barabara hupanda kuelekea Mau Summit, na usiku wa huko humshawishi mtu aingize jiko la makaa ndani ya gari. Makaa yaliyokolea, yasiyotoa moshi hata kidogo, bado hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala hapati nafasi ya kushtuka. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Jiko libaki nje, na kebini iwekwe blanketi la pili.

Kuendelea na safari kwa kuogopa kulala nako si usalama. Desemba 31, 2017, saa tisa usiku, basi na lori viligongana Migaa, kwenye kipande hicho hicho cha barabara, na watu 36 wakafa. Sheria ya Trafiki ya Kenya hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24.

Na mwizi akija kweli? Honi, taa zote, injini iwake, mlango usifunguliwe, simu ipigwe 999 au 112. Anayeshuka na rungu gizani hajui wako wangapi wala wana nini. Mwenye bunduki apewe anachotaka. Mzigo una bima. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinakubali mtu ajitetee, ila nguvu hupimwa kwa misingi ya sheria ya kawaida (common law) ya Uingereza: iwe ya lazima, na isizidi hatari iliyopo. Mwizi aliyekwisha kugeuka kukimbia si hatari tena, na panga la mgongoni linaweza kumpandisha dereva mwenyewe kizimbani. Kwa sababu hiyo honi ni bora kuliko ukelele wa “mwizi!”, ambao huita umati usiouliza maswali, na mara nyingi umati huo humuua mtu kabla polisi hawajafika.

Kukipambazuka, kabla lori halijasogea, kontena likaguliwe. Mizigo ya nchi jirani husafiri na muhuri wa kielektroniki unaofuatiliwa na Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), nao ukichezewa hutuma taarifa. Dereva apige picha za muhuri na kufuli, amjulishe mwenye gari, kisha aandikishe tukio polisi na aondoke na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, mkononi, kwa kuwa kampuni ya bima itaiuliza kabla ya jambo lingine lolote.