Usinunue unene dukani

WAKATI watu wengi wanahangaika kupunguza unene, wapo vijana wa vyuo ambao kilio chao ni kinyume: wamekonda, na kila wakijaribu kunenepa mwili unakataa. Wenzao huwaita majina ya kejeli, na jamaa nyumbani hunong'ona kwamba mtoto ana maradhi. Kwa aibu hiyo, baadhi yao huenda kisirisiri kutafuta vidonge vya kunenepesha.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mojawapo ya dawa zinazotumiwa vibaya hivyo ni deksamethasoni, ambayo madaktari huitoa kwa maradhi maalumu kama vile uvimbe wa ubongo na mzio mkali. Anayeimeza kiholela huvimba uso na tumbo, akadhani amenawiri. Kumbe mwili unajaa maji na mafuta huku misuli ikidhoofika, sukari na shinikizo la damu vikipanda, na kinga ya mwili ikishuka. Akiiacha ghafla baada ya kuizoea, anaweza kuzirai, hata kufa.

Nyingine ni siproheptadini, dawa ya mzio. Huongeza hamu ya chakula, lakini pia huleta usingizi usiomfaa mwanafunzi.

Je, umekonda kupita kiasi?

Chukua uzito wako kwa kilo. Zidisha urefu wako wa mita kwa urefu huohuo, kisha ugawanye uzito kwa jibu hilo. Ukipata chini ya 18.5, uzito wako ni mdogo mno. Kwa mfano, kijana wa mita 1.70 mwenye kilo 50 hupata 17.3. Akifikisha kilo 53.5 atapata 18.5, yaani amepungukiwa kilo 3.5 tu. Aliyepita 18.5 na ambaye uzito wake haushuki, huenda hilo ndilo umbo la ukoo wake.

Anayezidi kukonda bila kukusudia amwone daktari kwanza. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa na jasho la usiku ni dalili za kifua kikuu, ambacho hupimwa na kutibiwa bila malipo katika hospitali za serikali nchini Kenya. Kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara huenda ni kisukari. Moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka huenda ni maradhi ya tezi ya shingo. Virusi vya Ukimwi, minyoo na huzuni ya muda mrefu pia hukondesha.

Chakula cha nyumbani

Mwanafunzi anayetoka Nyaramba, Kaunti ya Nyamira, huacha nyumbani ndizi, wimbi, maparachichi, maziwa na chinsaga, kisha chuoni akashinda kwa chai ya rangi na mandazi mawili. Wengi hukonda kwa sababu wanaruka milo ili kubana pesa.

Kalori 300 hadi 500 zaidi kwa siku zinatosha. Gilasi ya maziwa ina kalori 150 hivi, konzi ya njugu karanga 170, na nusu ya parachichi 120 au zaidi. Jumla yapita 400, na hujawasha jiko. Unga wa wimbi na njugu haviharibiki upesi, basi vibebe muhula unapoanza. Uji upike kwa maziwa na uutie njugu zilizosagwa. Maharagwe, mayai na omena hujenga misuli.

Chai usiinywe pamoja na chakula, kwani hujaza tumbo na kuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharagwe. Ngoja saa moja. Sigara na miraa huua hamu ya kula, ziepuke. Fanya mazoezi ya kuinua vitu vizito au pushapu mara 3 kwa wiki, ili chakula kigeuke misuli badala ya kitambi.

Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kwa mizani ileile. Ongezeko la robo hadi nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Kwa hivyo kijana wetu wa kilo 50 atahitaji kati ya wiki 7 na 14. Ukipita mwezi mzima unakula vizuri na mizani haisogei, nenda hospitalini. Na zile pesa za vidonge, nunulia mayai.